Ngitili za Shinyanga: Kwa Nini Mwanafunzi Asome, Ajue Historia na Athamini Mazingira

Na Mwandishi Wetu

Kila msimu wa mvua unapoanza, wanafunzi wa shule nyingi nchini hukabidhiwa miche ya miti. Mashimo huchimbwa, miche hupandwa, viongozi hutoa nasaha na picha za kumbukumbu hupigwa. Hata hivyo, katika baadhi ya maeneo, kiangazi kinapofika miche hiyo huwa imekauka au imeliwa na mbuzi, na mwaka unaofuata mashimo huchimbwa tena mahali pale pale. Mwanafunzi aliyeupanda mche huo kwa mikono yake huenda hajawahi kuelezwa ni miti gani iliyokuwa imeota hapo zamani, ni nani aliyeikata, na kwa sababu gani.

Upungufu huo unaonekana mdogo, lakini ndio unaoamua kama mche utaishi au utakufa. Kupanda mti ni kazi ya siku moja. Kuulinda ni kazi ya miaka, na hakuna anayelinda kwa miaka jambo asilolijua thamani yake. Kwa sababu hiyo, wito wa kuwataka wanafunzi wapende kusoma, wajifunze historia na wathamini mazingira usichukuliwe kama nasaha tatu zilizowekwa pamoja kwa bahati. Ni somo moja. Mkoa wa Shinyanga unatoa mfano ulio wazi wa jinsi sehemu hizo tatu zinavyotegemeana.

Ardhi iliyokaribia kuwa jangwa

Anayepita leo katika nyanda za Shinyanga anaweza kudhani kwamba uwazi anaouona ndio maumbile ya eneo hilo. Historia inaeleza vingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa ya eneo hilo ilifunikwa na misitu ya migunga na miombo. Mabadiliko yalikuja kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na sababu iliyoonekana nzuri wakati wake.

Katika miaka ya 1920 hadi 1940, wakati wa utawala wa Waingereza, vichaka vilifyekwa kwa kiwango kikubwa ili kuwaangamiza mbung'o, wadudu wanaoeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka na kuhitaji mashamba mapya. Mifugo iliongezeka, na ng'ombe walikuwa ndio hazina ya familia. Miti mingine ilikatwa ili kuwakosesha makazi ndege waharibifu wa nafaka, kwelea-kwelea. Katika miaka ya 1970, wananchi walipohamia katika vijiji vipya, wengi waliacha nyuma makazi yao ya asili pamoja na maeneo ya malisho waliyokuwa wakiyahifadhi kwa utaratibu wa ukoo na jirani.

Kufikia miaka ya 1980 madhara yalikuwa dhahiri. Udongo ulisombwa na maji, visima vilikauka mapema, na akina mama walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Katika baadhi ya kaya, samadi na mabua ya pamba, ambavyo vingefaa kurudishwa shambani kuutunza udongo, viligeuzwa kuwa nishati ya kupikia. Hali hiyo ilimfanya Rais wa Awamu ya Kwanza, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aitaje Shinyanga kuwa ni jangwa la Tanzania.

Mwanafunzi anapaswa kulitafakari jambo hili. Hakuna adui mmoja aliyekuja na shoka akaimaliza misitu ya Shinyanga. Iliisha kutokana na maamuzi mengi, ya wakubwa na wadogo, ambayo kila moja lilitatua tatizo la siku hiyo na kuacha deni kwa siku zijazo. Somo la historia linamsaidia kijana kuiona minyororo ya namna hiyo, na kisha kujiuliza ni deni gani linaloachwa na maamuzi ya leo.

Dawa iliyokuwa nyumbani

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Katika hatua za awali mpango huo ulitilia mkazo vitalu na upandaji wa miche, ikiwemo ya miti ya kigeni. Kadiri wataalamu walivyozungumza na wazee wa vijiji, ndivyo ilivyobainika kwamba wananchi walikuwa na njia yao wenyewe, ya gharama ndogo na inayoendana na hali ya hewa ya eneo lao. Njia hiyo ni ngitili.

Ngitili ni neno la Kisukuma. Kwa desturi ya Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji, familia au kijiji hutenga eneo la malisho na kulifunga mvua zinapoanza, mwezi Novemba au Desemba. Mifugo haiingizwi humo katika kipindi chote cha mvua, nyasi hukua na miti huchipua bila kusumbuliwa. Kiangazi kinapokomaa, kuanzia Julai au Agosti, wakati malisho kwingineko yamekwisha, ngitili hufunguliwa kwa utaratibu. Hivyo ni ghala la malisho, sawa na vile kihenge kilivyo ghala la nafaka.

Ngitili hazikuhitaji ukuta wala seng'enge. Zililindwa na sheria za mila. Mikutano ya kijiji ya jadi, inayoitwa dagashida, iliweka kanuni na adhabu, na jeshi la jadi la sungusungu lilisaidia kusimamia utekelezaji wake. HASHI ilipozitambua taratibu hizo na kuziunganisha na serikali za vijiji, wananchi hawakuhitaji kufundishwa jambo geni. Walirejeshewa jambo lao.

Matokeo yake yanazungumza. Mwaka 1986 eneo la ngitili lililokuwa limesalia lilikadiriwa kuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikadiriwa kufikia zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, yaani kabla ya mwaka 2012 ambapo sehemu zake ziliingia katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita. Kuni zilipatikana karibu na nyumbani. Asali, dawa za asili, matunda ya porini, nyasi za kuezekea na nguzo za kujengea vilirudi. Ndege na wanyama wadogo waliokuwa wametoweka walionekana tena. Katika baadhi ya vijiji, mapato ya ngitili za jumuiya yalichangia ujenzi wa madarasa na huduma nyingine za kijamii. Baadhi ya shule nazo zilitenga ngitili zao.

Mizizi iliyo hai chini ya ardhi

Ni vyema mwanafunzi aelewe pia namna jambo hili linavyofanya kazi kisayansi. Mti unapokatwa katika nyanda kavu, mara nyingi haufi. Kisiki na mizizi yake hubaki hai chini ya ardhi, na kila mwaka hutoa machipukizi. Machipukizi hayo huonekana kama vichaka visivyo na maana kwa sababu huliwa na mifugo au hukatwa kabla hayajapata urefu. Udongo nao hubeba mbegu za nyasi na miti zinazosubiri nafasi ya kuota.

Eneo likifungwa, machipukizi hupata muda wa kukua. Kwa kuwa mizizi yake tayari imekwenda chini sana, hustahimili kiangazi kuliko mche uliotoka kitaluni wenye mizizi mifupi. Majani yanayoanguka hurutubisha udongo, nyasi hupunguza kasi ya maji ya mvua, na maji mengi zaidi huzama ardhini badala ya kuondoka na udongo. Mwanafunzi aliyesoma vizuri somo lake la sayansi anaweza kukitazama kisiki kilicho nyuma ya darasa lake na kutambua kwamba pale pana mti unaoomba kuachwa tu. Kuchagua chipukizi moja au mawili yenye afya, kupogoa mengine na kuyakinga yaliyobaki kunaweza kuleta kivuli mapema kuliko mche uliopandwa siku hiyo hiyo.

Historia ina majibu zaidi ya moja

Kusoma historia kunahitaji kulinganisha. Wakati Shinyanga ikiendelea kukauka, Mkoa wa Dodoma nao ulikuwa ukikabiliwa na mmomonyoko mkali, hasa katika Wilaya ya Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yameila ardhi kwa kina. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 ilichukuliwa hatua nzito: mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa. Uoto ulirudi na makorongo yakaanza kutulia, lakini familia zilizotegemea mifugo zililazimika kubadili maisha yao, na baadaye ufugaji wa ndani ukaanza kuhimizwa.

Mipango yote miwili ilirudisha kijani. Mmoja uliegemea agizo, mwingine uliegemea mila. Ni upi uliowagharimu wananchi zaidi? Ni upi unaodumu pale msimamizi anapoondoka? Maswali kama haya yanastahili kujadiliwa darasani, kwa sababu hayana jibu la kukariri. Kondoa hiyo hiyo ina michoro ya miambani ya Kondoa-Irangi, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ambayo inaonesha binadamu na wanyamapori kama walivyotazamwa na watu walioishi huko kabla yetu. Mwanafunzi wa Kondoa anayeyafahamu makorongo na michoro kwa pamoja anaisoma ardhi yake kama kitabu chenye kurasa nyingi.

Mikoa mingine nayo ina kurasa zake. Wachaga wa Kilimanjaro walichimba mifongo, yaani mifereji ya asili, kuyatoa maji milimani hadi vihambani. Engaruka, mkoani Arusha, pamebaki mabaki ya mifereji na mashamba yaliyojengwa kwa mawe na jamii iliyolima hapo karne kadhaa zilizopita. Hakuna wilaya isiyo na habari ya namna watu wake walivyoishi na maji, miti na udongo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuisoma, kuiuliza na kuiandika.

Maarifa yasiyoandikwa huzikwa

Hapa ndipo penye hatari. Ngitili zilinusurika kwa sababu walikuwapo wazee waliozikumbuka na wataalamu waliokubali kuuliza. Lau mpango ule ungechelewa kwa kizazi kimoja zaidi, huenda neno lenyewe lingebaki kwa wachache, na utaratibu wake ungesahaulika kabisa. Wazee walioongoza dagashida za miaka ya 1980 wanazidi kupungua. Kila anayeondoka bila kuulizwa huondoka na majina ya miti, mipaka ya malisho, vyanzo vya maji na sababu za miiko ambayo vijana huiona kama ushirikina tu.

Kanda ya Ziwa ina mfano wa mtu aliyelitambua jambo hilo mapema. Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika kwa lugha ya Kikerewe habari za maisha ya watu wake: kilimo, uvuvi, uwindaji, dawa za mitishamba, ndoa na malezi. Alikamilisha kazi hiyo mwaka 1945, lakini hakupata mchapishaji. Ilimlazimu kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo mwaka 1980 ilipochapishwa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi huyo alifariki dunia mwaka 1981. Miaka 35 ilipita kati ya kukamilika kwa kazi hiyo na kuchapishwa kwake, na kama angekata tamaa, maarifa yaliyomo yasingekuwa mikononi mwa wanafunzi leo. Aidha, katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, zimehifadhiwa zana na kumbukumbu zinazoweza kumpa mwanafunzi picha ya maisha hayo kwa macho yake mwenyewe.

Kusoma kulikozaa matendo

Taifa letu lina uzoefu wa kuunganisha kusoma na matendo. Takwimu za mwaka 1967 zilionesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata ilikuwa kubwa kiasi kwamba kufikia mwaka 1986 kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika kilikadiriwa kuwa chini ya asilimia 10. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba, 1967, na maktaba za vijijini zilizofuata, zilikusudiwa kuwapa wananchi hao kitu cha kusoma baada ya kuhitimu.

Yaliyosomwa yaligusa maisha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Walisoma kijitabu, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Ikafuata Chakula ni Uhai mwaka 1975, na mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Utaratibu ulikuwa mmoja: soma, jadili, tenda. Katika utaratibu huo kitabu hakikuwa pambo la kabati wala mzigo wa mtihani. Kilikuwa zana kama jembe.

Lakini uzoefu huo una upande wa pili. Pale ambapo vitabu na magazeti havikuendelea kuwafikia wananchi, baadhi ya waliojifunza kusoma walisahau. Stadi ya kusoma ni sawa na shamba: lisipolimwa hurudi pori. Onyo hilo linawahusu pia wanafunzi wa leo wanaosoma kwa ajili ya mtihani tu na kufunga kitabu siku matokeo yanapotoka.

Nafasi iliyopo sasa

Mazingira ya kisheria na kielimu yanatoa fursa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka misingi ya utekelezaji wa wajibu huo. Mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linaloweza kuwa jukwaa la kuifundisha historia ya taifa sambamba na historia ya kijiji na wilaya.

Vijana wamekwishaonesha kwamba wanaweza kuongoza. Mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana jijini Dar es Salaam na mtafiti wa sokwe wa Gombe, Dkt. Jane Goodall, wakiwa na wasiwasi juu ya mambo waliyoyaona katika maeneo yao. Kutokana na mkutano huo ulizaliwa mpango wa Roots & Shoots, ambao leo una vikundi vya vijana katika nchi nyingi duniani. Chanzo chake kilikuwa wanafunzi waliotazama, wakauliza, na hawakukubali kunyamaza.

Katika shule, hatua zinazohitajika hazidai fedha nyingi. Kwanza, kabla ya kupanda mche, darasa litafute habari za mahali pale: lisome kilichopo maktabani, na kila mwanafunzi amwulize babu, bibi au mzee wa jirani maswali machache. Palikuwa na miti gani? Maji yalichotwa wapi? Eneo gani halikukatwa, na kwa nini? Pili, majibu yaandikwe kwa Kiswahili fasaha katika daftari moja la shule, pamoja na majina ya miti kwa lugha ya asili, na daftari hilo lihifadhiwe maktabani ili kila kidato kiongeze kurasa zake. Tatu, shule itenge eneo, hata kama ni dogo, lifungwe na kuangaliwa mwaka mzima, wanafunzi wapime na kuandika kinachoota. Nne, wanafunzi wapewe nafasi ya kusoma matokeo yao mbele ya mkutano wa kijiji au mtaa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayeuliza habari za zamani asifukuzwe kwa kuambiwa kwamba anapoteza muda wa masomo, kwani hayo nayo ni masomo. Anayesoma kitabu jioni apewe mwanga na utulivu. Halmashauri za vijiji, kwa upande wao, zinaweza kuyalinda maeneo yaliyotengwa na shule kwa sheria ndogo, ili jasho la wanafunzi lisiliwe na mifugo isiyochungwa.

Tahadhari inahitajika pia. Ngitili zenyewe haziko salama daima. Ongezeko la watu na mifugo, uhitaji wa mashamba, uuzaji wa ardhi na ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa vinazibana. Eneo lililofungwa kwa miaka 20 linaweza kufyekwa kwa wiki moja iwapo mrithi wake hajui lilivyopatikana. Mrithi huyo, ndugu msomaji, yuko darasani hivi sasa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Shinyanga ilijenga ukuta, kwa gharama na kwa muda mrefu, na ilifanikiwa kwa sababu kumbukumbu ya mafundi wa zamani haikuwa imepotea yote. Mvua zijazo zitakapoanza, wanafunzi watakabidhiwa miche kama ilivyo ada. Mwalimu na mzazi wahakikishe kwamba safari hii, kabla ya kushika jembe, mwanafunzi ameshika kitabu, na amekwisha kumsikiliza mzee mmoja.